Kule Mwenye Sherehe Ndiye Anayeoka

Hotuba hii ilitolewa Kisumu mbele ya vijana wanaojiandaa kwenda Ujerumani kwa mwaka wa kujitolea, pamoja na wazazi wao. Tumeiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani tumeziacha.

Wazazi wetu, walezi, wenyeji mliotupa ukumbi huu, na nyinyi vijana ambao mmeshaanza kupanga mabegi kana kwamba ndege ni kesho: hamjambo? Naona wa Kondele wapo. Wa Kakamega wapo. Na kuna matatu nzima imetoka Nakuru alfajiri. Poleni na safari.

Habari za visa mmeshaelezwa. Za bima mmeelezwa, za jaketi la baridi mmeelezwa mpaka mkachoka. Leo sizirudii. Leo tunazungumza juu ya keki. Naona mama pale nyuma anacheka. Cheka tu mama, lakini usiondoke.

Niwaulize. Siku yako ya kuzaliwa ikifika hapa Kisumu, nani hununua keki? Wenzako, sivyo? Na kabla ya keki huja nini? Maji! Unaviziwa mlangoni na karai, unaloweshwa mpaka soksi, halafu ndipo unalishwa kipande cha kwanza mdomoni huku simu zote zimekuelekea. Kazi yako wewe ni kujifanya hukujua.

Ujerumani mambo yamegeuzwa. Mwenye siku ndiye huleta keki. Yeye ndiye huoka, au hununua, huibeba kwenye treni hadi kazini, huiweka kwenye meza ya jikoni na kuwaambia wenzake: karibuni. Basi mchukulie kijana wetu mmoja, amepangiwa makao ya wazee, na huu ni mwezi wake wa nne huko. Siku yake inafika. Anavaa shati zuri. Wenzake wanampa mkono, wanamtakia heri, halafu macho yao yanaelekea meza ya jikoni. Meza tupu. Saa nne, meza tupu. Saa nane, meza tupu. Jioni kijana anarudi chumbani akisema moyoni: hawa watu hawanipendi, hata keki ya supa hawakuninunulia. Nao wanarudi makwao wakisema: huyu mgeni hataki kusherehekea nasi. Nani kamkosea mwenzake hapo? Hakuna. Kila mmoja alikuwa anangoja keki ya mwenzake.

Ndiyo maana nasema, na nitalisema tena kabla hatujatoka: usiende kabla hujajua kuoka kitu kimoja, kimoja tu, ambacho hakikushindi. Kijerumani chako cha ngazi ya A2 au B1 kitakwama mara nyingi miezi mitatu ya mwanzo. Sinia la keki halihitaji sarufi.

Na kabla sijaliacha hilo la siku ya kuzaliwa: usimpe Mjerumani heri zake siku moja kabla. Huku tunaona ni kuwahi, kule wengi huamini inaleta nuksi. Subiri siku yenyewe. Na maji, jamani, yaacheni huku. Mtu aliyezaliwa Januari, nje kuna barafu, wewe unamvizia na karai? Hapana.

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo wengi huanguka.

Kuna binti wa Nakuru hapa ambaye keki yake inasifiwa mtaa mzima? Nyoosha mkono. Wawili, watatu. Vizuri. Nawaambia mapema: keki hiyo hiyo, kwa vipimo hivyo hivyo, ikiokwa Hamburg inaweza kutoka fupi, nzito, na yenye unyevu kama ugali wa jana. Kwa nini? Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Sisi hapa kando ya ziwa tuko kama mita 1,130. Hamburg iko karibu sawa na bahari yenyewe. Unapopanda juu, hewa hukandamiza kwa nguvu ndogo zaidi. Kiputo cha gesi ndani ya rojo la keki hutanuka zaidi, na maji hukauka upesi. Maji yanayochemka Nakuru yako kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa hiyo mwokaji wa Nakuru, bila kusoma kitabu chochote, amejifunza kwa majaribio kupunguza beking poda na kuongeza maziwa. Mikono yake imezoea mlima.

Mpeleke sasa pwani ya kaskazini mwa Ujerumani. Hewa kule inakandamiza. Beking poda aliyoizoea haitoshi kuinua, na maziwa aliyoyazoea yamezidi. Na kinyume chake mnakijua: mapishi ya mtandaoni yaliyoandikwa na mtu wa usawa wa bahari, ukiyaoka Nakuru yanapanda haraka kama maziwa jikoni, halafu katikati yanabonyea. Unalaumu mayai. Unalaumu jirani aliyefungua mlango. Mayai hayana kosa.

Marekebisho yake ni haya. Vipimo vya Nakuru vikishuka chini, mahali pa kijiko kimoja na nusu cha chai cha beking poda weka viwili, na kwa kila kikombe cha maziwa punguza vijiko viwili vitatu vya mezani. Wa Kisumu, tofauti yenu ni ndogo zaidi, lakini ipo. Oka keki ya kwanza ya majaribio peke yako, Jumamosi, siyo usiku wa kuamkia siku yako.

Nimesema Jumamosi kwa sababu. Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa. Siyo kwamba yanafungua kuchelewa kama baadhi ya maduka hapa baada ya kanisa. Yamefungwa. Hakuna kibanda kwenye kona cha kukuuzia yai moja saa mbili usiku.

Tuje kwenye unga. Hapa wengi wenu mnanunua unga ambao tayari umetiwa beking poda kiwandani. Kule unga wa namna hiyo ni nadra. Utakuta pakiti zimeandikwa namba: 405, 550, 1050. Namba hiyo si bei wala si uzito. Ni kiasi cha majivu, kwa miligramu, kinachobaki ukichoma gramu 100 za unga huo. Namba ikiwa ndogo, unga ni mweupe na laini, maana maganda ya ngano yameondolewa zaidi. Keki, tumia 405. Chapati na mandazi, chukua 550, kwa sababu unavutika vizuri. Chapati ya 405 inachanika ukiisukuma. Na 1050 waachie waokaji wa mkate, isipokuwa unapenda chapati za rangi ya kahawia.

Mtu aliyezoea unga wenye poda akibeba 405 nyumbani, akachanganya kama kawaida, atatoa nini kwenye oveni? Biskuti kubwa. Lazima utie poda mwenyewe. Na hapa ninacho kisa.

Mwaka 1891 mfamasia mmoja aitwaye August Oetker alichukua duka la dawa mjini Bielefeld. Beking poda ilikuwa imeshavumbuliwa kitambo, yeye hakuivumbua. Tatizo la wanawake wa wakati ule lilikuwa kipimo: leo keki imeumuka, kesho haikuumuka, keshokutwa ina uchungu. Oetker akafanya jambo dogo tu. Akapima poda ya kutosha ratili moja ya Kijerumani ya unga, yaani gramu 500, akaitia kwenye kifuko, akauza kifuko kimoja kimoja. Mama hapimi tena, anachana, anamimina. Mpaka leo, ukienda supa yoyote ya Ujerumani, kifuko cha Backpulver ni cha gramu 15 au 16 hivi na kimekusudiwa gramu 500 za unga. Kwa hiyo ukisoma mapishi yao yanasema pakiti moja, ni hiki kifuko. Msije mkatia pakiti nzima ya nyumbani, ile ya gramu 100! Keki itapanda hadi dari ya oveni, na ladha yake ni kama umelamba sarafu.

Na kando ya Backpulver, kwenye rafu hiyo hiyo, kuna kifuko kinachofanana nacho kimeandikwa Natron. Hiyo ni beking soda. Ina nguvu zaidi na inahitaji kitu chenye uchachu, maziwa mala au ndimu, ndipo ifanye kazi. Ukikosea ukaitia mahali pa poda, keki inatoka na harufu ya sabuni. Soma jina, usitazame rangi.

Haya, andikeni. Hii ni keki ya sinia, ya kupeleka kazini, inatoa vipande 24 ukikata nne kwa sita. Unga wa 405 gramu 500. Siagi gramu 400. Sukari gramu 400. Mayai 8 ya saizi M. Kifuko kimoja cha Backpulver. Maziwa mililita 100. Chumvi kidogo, na maganda ya ndimu mbili yaliyokwaruzwa. Ndimu au limau ununue lililoandikwa unbehandelt, maana mengine yamepakwa dawa kwenye ganda.

Mmesikia nimesema gramu. Nimesema gramu! Kikombe cha shosho, kile chenye mkono uliovunjika, hakiendi na ndege. Nunueni mizani ndogo ya jikoni sasa, muoke nayo hapa hapa kabla ya safari. Mapishi ya Kijerumani huandikwa kwa gramu, na vijiko huandikwa EL na TL. EL ni kijiko cha mezani, TL ni cha chai.

Siagi itoe kwenye friji saa moja au mbili kabla. Hapa Kisumu hatulijui tatizo hili, siagi yetu hulainika ukiitazama. Kule mwezi wa kumi na mbili, siagi ni jiwe. Kijana mwenye haraka anaiyeyusha. Usiyeyushe! Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa, na keki ya namna hii hutegemea hewa ile unayoipiga mwanzoni. Piga siagi na sukari dakika tano nzima, mpaka rangi ipauke. Mayai yatie moja moja, nayo yasiwe ya baridi. Ukiona mchanganyiko umekatika, umekuwa kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko kimoja cha unga, utarudi. Kisha unga uliochekechwa na poda yake, ukipishana na maziwa. Ukishatia unga, mkono uwe mpole. Ukiendelea kupiga kana kwamba unasonga ugali, ngano inashikana na keki inakuwa ngumu, yenye matundu marefu ndani.

Oveni. Kwenye kitufe chake utaona alama. Mistari miwili, mmoja juu na mmoja chini, ni moto wa juu na chini: weka nyuzi 180. Alama ya feni ni hewa inayozungushwa: weka 160, la sivyo itaungua juu na kubaki mbichi ndani. Sinia hili huchukua dakika 25 hadi 30. Robo saa ya kwanza usifungue mlango. Kisha choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.

Je, huna oveni nyumbani? Kisumu nzima inaoka kwa sufuria, na ni shule nzuri. Sufuria kubwa, mchanga wa kina cha vidole viwili, chombo cha keki ndani, mfuniko, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Ila mjue tofauti: ndani ya sufuria mvuke hubaki, keki inakuwa laini juu. Oveni ya feni hukausha. Kwa hiyo kule anza kuichungulia mapema zaidi ya ulivyozoea.

Vijana, tumeshiba keki. Tutoke jikoni kidogo, twende mezani.

Jioni ya kwanza kwa familia iliyokupokea, utakaa ukingoja chakula. Wataleta mkate, jibini, nyama iliyokatwa nyembamba, matango ya siki. Utasema moyoni: hiki ni cha kufungulia mlango, ugali uko nyuma. Hauko. Hicho ndicho chakula cha jioni, na jina lake kwa Kijerumani maana yake ni mkate wa jioni. Watu wengi kule hula cha moto mchana. Hawakubagui, hawakunyimi. Ukitaka ugali, unga mweupe wa mahindi unapatikana kwenye maduka ya Waafrika mijini. Ule wa supa huwa wa njano na chenga kubwa. Sukuma wiki usiihangaikie: majira ya baridi, hasa kaskazini, wana Grünkohl, ni ndugu yake wa karibu. Wao huipika mpaka inakata tamaa. Wewe ikaange unavyojua.

Lakini hapo mezani ndipo mkono wako utakwenda kwenye simu. Utapiga picha ya ule mkate, utaandika kwenye status: jamani hawa watu wanakula baridi kama wafungwa. Ngojeni niwape kisa cha pili.

Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, mpango wa kupeleka Wamarekani kujitolea nchi nyingine. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, binti mmoja wa kundi la kwanza lililopelekwa Nigeria, akiwa mafunzoni Ibadan, aliandika postikadi kwa rafiki yake nyumbani. Alieleza hali ya maisha aliyoikuta, na jinsi watu wanavyofanya karibu kila kitu barabarani, kwa maneno ya mtu aliyeshtuka. Kadi haikufika posta. Ilimwanguka, mwanafunzi wa Kinigeria akaiokota, nakala zikasambazwa chuoni, wanafunzi wakaandamana. Binti akarudi kwao kabla kazi haijaanza. Alikuwa mbaya? Sidhani. Barua zake nyingine pengine zilijaa sifa. Ilikuwa kadi moja, ya msomaji mmoja. Na ya kwako wewe, yenye wasomaji 300 na kitufe cha kutafsiri, itaanguka mara ngapi?

Ukitaka kulalamika, na utataka, mpigie mama. Au subiri semina. Anayejitolea akiwa chini ya miaka 27, mwaka mzima una siku 25 za semina, na pale mtakuwa na wenzenu ambao nao wamekula huo mkate. Lalamikeni humo mpaka koo zikauke.

Sasa sherehe zenyewe. Mwezi mgumu ni Desemba. Hapa jua linatua karibu na saa moja jioni mwaka mzima, hatulifikirii. Hamburg mwezi wa Desemba linatua saa kumi jioni na kuchomoza saa mbili na nusu asubuhi. Unaenda kazini gizani, unarudi gizani, na kwenye simu unaona ndugu zako wako ushago, mbuzi amechinjwa, chapati zimerundikwa. Hapo ndipo upweke unabisha.

Sasa angalia wao wanafanya nini na giza hilo. Wanaoka. Jumapili nne kabla ya Krismasi wanawasha mshumaa mmoja, kisha wa pili, mpaka wa nne, na jikoni wanaoka biskuti ndogo kilo kwa kilo na kuzifungasha kwenye makopo. Kuna mkate wao mtamu wa zabibu kavu, Stollen, maarufu kwa mji wa Dresden. Zamani ulikuwa mkavu, hauna raha, kwa sababu majuma yale yalikuwa ya kufunga na siagi ilikatazwa. Walitumia mafuta ya mimea. Watawala wao wakaomba ruhusa Roma. Wakasubiri miongo. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII akawakubalia, kwa malipo. Barua hiyo mpaka leo inaitwa barua ya siagi. Na siagi waliyoipigania wameishikilia: Stollen ya Dresden, kwa kila sehemu 100 za unga, siagi haipungui sehemu 50. Huokwa majuma kadhaa kabla na kuachwa itulie. Basi mtu akikualika kuoka biskuti Jumapili ya Desemba, usiseme umechoka. Nenda. Umeitwa kwenye chumba cha ndani.

Na uende na nini? Iliki! Nilikuwa nangoja kufika hapa. Mandazi yetu ya iliki, Mjerumani akiyanusa, anasema: inanukia Krismasi. Kwa nini? Kwa sababu iliki imo kwenye keki na biskuti zao za viungo za msimu huo. Kitu ambacho kwako ni chai ya asubuhi, kwake ni utoto wake. Na ukivuka hadi Februari, kipindi cha kanivali, wao wenyewe hula maandazi ya kukaanga yaliyotiwa jemu ndani. Yako yatapokelewa kama binamu. (Wakikupa la kwao, uma kwa tahadhari, moja katika sinia huweza kuwa na haradali ndani. Ni utani wao wa msimu.)

Kwa mandazi, gramu 500 za unga wa 550 zinataka kifuko kimoja cha hamira kavu cha gramu 7, au nusu ya kile kipande cha hamira mbichi cha gramu 42. Hapa unga unaumuka kwa dakika 45. Kule jikoni pana baridi, ngoja hata saa moja na nusu, au weka bakuli karibu na chuma cha kupashia nyumba joto. Mafuta yawe nyuzi 170 hadi 175. Na fungua dirisha! Nyumba za kule zina king'ora cha moshi darini. Mafuta yakitoa moshi, jengo zima litajua kwamba unakaanga.

Begi lako lina iliki, lina majani ya chai, sawa. Nyama na vyakula vya maziwa, hapana. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuviingiza kutoka huku. Samli ya nyanya ibaki.

Wale mliopangiwa shule za chekechea, dakika moja tu. Usimlishe mtoto wa mtu chochote kabla ya kumuuliza mwalimu. Keki ya watoto isiwe na krimu mbichi wala mayai mabichi, isiwe na karanga wala njugu za aina yoyote. Chunga jelatini, mara nyingi ni ya nguruwe, na watoto Waislamu wapo. Andika kwenye karatasi kila kilichomo, uibandike kwenye chombo. Sheria za Ulaya zina orodha ya vitu 14 vinavyosababisha mzio, na keki yetu ya kawaida tayari ina vitatu: ngano, maziwa, mayai. Utakayefanya kazi jikoni, kuna somo la usafi la idara ya afya lazima ulipitie kwanza. Waulize waliokupokea wiki ya kwanza.

Nimeona saa. Tuna majuma sita kabla kundi la kwanza halijaondoka. Majuma sita ni Jumamosi sita. Mizani mbili ziko pale mezani karibu na mlango, zinaazimwa, andika jina. Jumamosi hii kila mmoja aoke nusu ya ile keki ya sinia: unga gramu 250, siagi 200, sukari 200, mayai 4, maziwa mililita 50, na beking poda vijiko viwili vya chai, wa Nakuru kimoja na nusu, na maziwa zaidi kidogo. Mje nazo hapa mkutano ujao. Iliyobonyea nayo ije, tena hiyo tutaikata kwanza tuone ndani kulitokea nini.

Mama uliyekuwa unacheka, wewe ndiye utakayeonja.